Vitafunwa vya nyumbani na meno ya mbwa na paka: vinasafisha nini, na vinaacha nini

Wafugaji wengi wa mbwa na paka mijini siku hizi hujitengenezea vitafunwa vya kutunza meno ya wanyama wao. Wako wanaooka biskuti za shayiri zenye mafuta ya nazi na majani ya mnanaa, wako wanaokausha viazi vitamu au maini katika oveni, na walio wengi zaidi huchukua tu mfupa buchani. Hoja yao ina uzito. Bidhaa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo huuzwa kwa bei ambayo familia nyingi haziimudu, na anayepika mwenyewe anajua alichotia chunguni. Swali ni kama vitafunwa hivyo vinafika mahali ambapo ugonjwa huanzia.

Utando wa bakteria huanza kujijenga juu ya jino saa chache tu baada ya kusafishwa, na madini yaliyomo katika mate huugeuza kuwa ugaga mgumu ndani ya siku chache. Ugaga huo wa rangi ya kahawia ndio tunaouona, lakini unaong'oa meno ni utando unaoingia chini ya ukingo wa fizi na kuchochea uvimbe unaokula mfupa unaolishikilia jino. Kitafunwa cha namna hii hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huishia pale jino linapogusana na kile linachokitafuna.

Kwa upande wa mfupa, ushahidi upo. Mwaka 2016 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya kuwapa mbwa 8 wa aina ya Beagle mifupa mibichi ya ng'ombe. Katika siku 12, mifupa migumu ya katikati ilipunguza ugaga kwa takriban theluthi moja, na ile ya kwenye maungio, ambayo ni laini zaidi, ikaupunguza kwa zaidi ya theluthi mbili. Anayesema mfupa unasafisha meno, basi, hasemi uongo. Hata hivyo, kilichopimwa ni ugaga ulioonekana juu ya jino, kwa mbwa wachache na kwa muda mfupi.

Wanyama wanaoishi maisha yao yote kwa kutafuna nyama na mifupa wanatupa picha nyingine. Uchunguzi wa mafuvu 29 ya mbwa mwitu wa Afrika, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta dalili za ugonjwa wa fizi na mfupa wa taya katika asilimia 41 ya mafuvu hayo, na meno yaliyovunjika katika asilimia 48. Paka walioachwa wakaishi porini katika kisiwa cha Marion, kusini mwa Bahari ya Hindi, wakila ndege wa baharini, walikuwa na ugaga kidogo sana, na bado zaidi ya nusu yao walikuwa na ugonjwa wa fizi. Kwangu hoja hii ndiyo nzito kuliko zote: jino linaweza kung'aa huku mzizi wake ukioza.

Biskuti, kwa upande wake, haina hata faida ile ya mfupa. Hupasuka mara ncha ya jino inapoigusa, kwa hiyo haisugui kitu, na wanga wake hubaki mdomoni. Majani ya mnanaa yana kasoro nyingine ambayo sioni ikisemwa vya kutosha: hufunika harufu mbaya, na harufu hiyo mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ambayo ingempeleka mwenye mnyama kwa daktari wa mifugo.

Hatari nazo hazilingani. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa au kuziba utumbo, na huo hautetewi kwa hoja yoyote. Mfupa mbichi mgumu huvunja gego kubwa la kukatia nyama la taya la juu, na jino lililopasuka hadi kwenye kiini huuma hata kama mbwa anaendelea kula. Kipimo ambacho madaktari hukitumia ni chepesi: kitu kisichobonyea kwa ukucha ni kigumu mno kwa jino. Vitunguu, vitunguu saumu vikiwemo, huharibu chembe nyekundu za damu, na paka huathirika upesi zaidi. Maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni yanaweza kuwa na malengelenge, yaani vifuko vyenye mabuu ya minyoo tegu, ambayo mbwa huikuza tumboni na kuirudisha kwa binadamu. Ugonjwa huo wa malengelenge unajulikana vizuri Turkana, kaskazini mwa Kenya. Anayetaka kukausha maini ayachemshe kwanza mpaka yaive kabisa.

Je, tuviache? Sidhani. Karoti mbichi iliyokatwa ndefu, au kipande cha koromeo la ng'ombe kilichochemshwa na kukaushwa, humpa mbwa kazi ya kutafuna bila kuhatarisha meno yake, mradi kipande kiwe kikubwa kisimezwe kizima na jumla ya vitafunwa isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Lakini hicho kiwe nyongeza tu ya kupiga mswaki. Kitambaa safi chenye maji, kilichozungushwa kidoleni na kusuguliwa kwenye ukingo wa fizi kila siku, kinafika mahali ambapo karoti haifiki, na gharama yake ni ndogo kuliko ya biskuti. Dawa ya meno ya binadamu isitumiwe, kwa kuwa mnyama huimeza, na baadhi yake ina ksilitoli, sukari mbadala iliyo sumu kwa mbwa.

Kwa paka matarajio yawe madogo zaidi. Dagaa mkavu humezwa karibu mzima. Firigisi ya kuku iliyochemshwa na kuachwa katika kipande kinachomlazimu atafune ni afadhali, lakini paka wengi hupatwa na ugonjwa wa meno kuliwa na mwili wenyewe kuanzia mzizini, na huo hauzuiwi na kitafunwa wala mswaki. Paka anayeanza kutafuna upande mmoja, au anayekisogelea chakula kisha akarudi nyuma, anahitaji kufunguliwa mdomo na daktari wiki hiyo hiyo.