Jina la Mtoto wa Foromani

Anayesema cha kuogopwa saiti ni tofali linalodondoka kutoka juu hajawahi kuwa na mdomo kama wangu.

Nilikuwa karani wa stoo kwenye ghorofa moja Dar. Kazi ya kivulini: kuhesabu mifuko ya saruji na kusinzia. Jioni moja nikaona kibati kwenye winchi yetu, kimeandikwa "derrick". Usiku nikalitafuta neno hilo intaneti mpaka bando likakata.

Kesho yake mchana tuko kwa mama ntilie, foromani akaingia anameremeta kama bati jipya.

"Jamani, mama watoto kajifungua! Dume, kilo tatu na nusu! Tumemwita Derick."

Watu makofi. Mimi nikakohoa kidogo.

"Bosi, unamjua Derick wa kwanza alikuwa nani?"

"Nani?"

"Mnyongaji."

Kijiko cha foromani kikaganda hewani, maharage yakamdondokea kifuani. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikamwaga yote: kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1600, pale Tyburn, London, palikuwa na mnyongaji aliyeitwa Derrick. Akavuma hivi kwamba kila mnyongaji akaitwa derrick, kisha mti wenyewe wa kunyongea, mwisho mtambo wa nguzo na kamba wa kuinulia mizigo.

"Hata huu wetu," nikanyoosha kidole. Winchi ilikuwa imening'iniza ndoo ya zege, inapepesuka taratibu kwa upepo.

"Toba!" mama ntilie akashika kifua.

Nikajaribu kuzima moto: "Lakini asili ya jina ni Theodoric, Kijerumani cha kale, maana yake mtawala wa watu!"

Nani asikilize? Saidia fundi mmoja alishapaza sauti, "Hongera, Baba Mnyongaji!" Wali ukawapalia watu. Mpaka jioni hata dereva wa lori la mchanga, ambaye hakuwepo, alikuwa anamwita hivyo.

Saa tisa simu ya foromani ikaita. Mama mkwe. Habari ilishafika wodini, sijui kwa miguu ya nani. Alijibu "ndiyo mama" mara kumi na moja, huku ananitazama mimi.

Asubuhi nikakuta stoo ina kufuli jipya na karani mpya. Mimi nikakabidhiwa ndoo: zege, ghorofa ya nne, kwa ngazi.

"Bosi, si winchi ipo?"

"Leo imepumzika," akasema. "Mwite Derick aje akubebee."