Jim Reeves wa Kericho katika barabara za Texas

Usiku mmoja wa Februari mwaka juzi, nikitoka zamu katika eneo la hospitali za Houston kurudi nyumbani Katy, niliwasha redio ya gari ambalo nilikuwa nimelinunua wiki ileile, lililokwisha tumika, na sauti ya Jim Reeves, mwimbaji wa Texas wa nyimbo za mashambani, ikajaa ndani, nzito na tulivu kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Gari lilikuja na miezi mitatu ya redio ya setilaiti bila malipo, jambo ambalo muuzaji alilitaja harakaharaka nami sikulitilia maanani. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilitoka katika barabara kuu, nikaegesha kando ya kituo cha mafuta, nikausikiliza wimbo ule hadi mwisho.

Nilikulia kijijini Kericho miaka ya 1980, na kwetu redio ilikuwa moja. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Betri zilipochoka na mtangazaji akaanza kusikika kama mtu anayezama majini, baba alizitoa, akazianika juani juu ya bati la jikoni, kisha jioni akazirudisha moja moja huku sisi tumenyamaza tukingoja kuona kama zimepata nguvu. Sauti ya Kenya, redio ya serikali, ilikuwa na idhaa chache, na baba ndiye aliyeamua tusikilize ipi. Jumapili baada ya kanisa aliitafuta idhaa ya Kiingereza, tukaletewa Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams. Baadaye akarudi Idhaa ya Taifa, tukamsikiliza Daudi Kabaka, salamu za wasikilizaji, matangazo ya vifo na taarifa ya habari. Majirani waliokuja kuketi nasi walisikiliza vyote, walivyovipenda na wasivyovipenda. Mzee mmoja kati yao hakujua neno hata moja la Kiingereza, lakini Reeves alipoanza kuimba aliivua kofia yake na kuiweka gotini, maana aliamini kuwa huyo ni mhubiri.

Wenzangu kazini hushangaa wanaponisikia nikiziimba nyimbo hizi za mashambani mwa Marekani. Hushangaa kwa wema, ila mshangao wao umenionyesha jinsi muziki hapa ulivyogawanywa kwa rangi ya mtu, kwa umri wake na kwa mtaa anakoishi. Kwetu haukugawanywa hivyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipofika Kapkatet, huko kwetu Kericho, na mitambo yake ya kurekodi, aliwakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, kiumbe aliye nusu mtu na nusu swala. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwetu pamoja na gramafoni. Kwa hiyo anayeniuliza muziki huu unanihusu nini, ninamjibu kwamba watu wetu walikuwa wamekwisha kuuingiza katika hadithi zao kabla baba yangu hajamiliki redio.

Mwaka jana nilimpeleka mke wangu Carthage, mashariki ya Texas, mahali alipozikwa Reeves baada ya ndege yake kuanguka karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964. Sanamu yake imesimama kando ya barabara, na mbwa wake amezikwa hapohapo. Tulikaa karibu saa nzima wala hakuna mwingine aliyesimamisha gari. Nilifikiri kwamba kama kaburi hilo lingekuwa Kericho, siku ya Jumapili usingepata pa kukanyaga.

Sasa ninalipia redio hiyo ya setilaiti kila mwezi, na ninasema wazi kwamba katika jambo moja Wamarekani wametushinda: hawautupi muziki wao wa zamani. Kila muongo una kituo chake, nyimbo za mashambani za zamani zina chao, na ishara inayotoka zaidi ya kilomita 35,000 juu ya ardhi hukufuata kutoka Texas hadi Maine bila kutafuta masafa mapya, ikikatika tu unapoingia chini ya daraja pana au katika maegesho ya ghorofa. Daudi Kabaka na Fadhili William hawana mahali kama hapo, ambapo mtu anaweza kuwakuta usiku wa manane bila kuomba. Linaloniuma zaidi ni kwamba teknolojia hii ilielekezwa kwetu mapema. AfriStar, setilaiti ya kampuni ya WorldSpace iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirushwa angani Oktoba 1998 kwa ajili ya Afrika, karibu miaka mitatu kabla XM, kampuni ya redio ya setilaiti, haijaanza kutangaza Marekani. Mwaka 2008 WorldSpace ikafilisika, ilhali Marekani mwaka huohuo XM na mshindani wake Sirius ziliungana na zikaendelea.

Hata hivyo, tangu usiku ule wa kwanza, katika redio hii ya mamia ya vituo sijawahi kusikia wimbo nisioutarajia. Nikichagua kituo cha Reeves ninampata Reeves na wanaofanana naye, na gari zima ni langu peke yangu, kama lilivyo la yule aliye mbele yangu na yule aliye nyuma yangu katika foleni ya Interstate 10. Redio ya baba ilitulazimisha kusikia tusichokichagua, na ndivyo mkulima wa chai alivyompenda mwimbaji wa Texas. Najua kwamba redio ile ya serikali ilificha mengi, na sitamani udhibiti ule urudi. Capital FM, kituo cha binafsi, ilipoanza mwaka 1996 nilikuwa miongoni mwa vijana waliofurahi. Wala sitadai kwamba nyumbani pamebaki kama zamani, kwa sababu wapwa zangu Kericho wanavaa vifaa vya masikioni mezani kama wanangu wa Katy. Ila ninaamini kwamba tulipopata uhuru wa kuchagua tuliacha kusikilizana, na kwamba huku ugenini hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna jirani wa kupita na kuuliza, "Ni nini hicho mnachosikiliza?"

Mwezi uliopita mama alinipigia simu nikiwa njiani, saa tatu usiku kwangu, saa kumi na moja alfajiri kwake, wakati anakwenda kukamua. Nilinyoosha mkono nipunguze redio ili tuzungumze.

"Acha," akasema kwa Kikipsigis. "Huyo si Reeves?"

"Ndiye, mama."

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini, kisha sauti yake ikiwa mbali kidogo na simu, akimwita mama jirani aliyekuwa ng'ambo ya ua aje upesi. Halafu akarudi.

"Ongeza sauti," akaniambia.

Nikaongeza.