Kabla ya Kuongeza Kifurushi, Ingia Kwenye Ruta

Mtu akilalamika kwamba video zake zinakwamakwama, jibu la kwanza analopewa ni lilelile: ongeza kifurushi. Jibu hili limenichosha. Linawatoza watu fedha kila mwezi kwa tatizo ambalo mara nyingi limo ndani ya nyumba yao, na dawa yake ni bure.

Angalia hesabu. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi ya intaneti) kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili, na Mbps 15 kwa 4K, iliyo kali zaidi; YouTube wanasema 20 kwa 4K. Mwenye laini ya Mbps 30 na runinga moja anabaki na ziada. Duara likizunguka hata hivyo, tafuta kasi inapotelea wapi. Unganisha kompyuta na ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, kwa waya, zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, pima kasi. Kisha pima kwa Wi-Fi ukiwa pale ilipo runinga, saa ileile ya jioni ambayo video husumbua. Waya ukileta 30 na Wi-Fi ikaleta 6, kifurushi kikubwa hakitakusaidia chochote. Hakuna anayepaswa kulipa zaidi kabla hajafanya kipimo hiki.

Watu hawaambiwi kwamba hewa ni ya wote. Vifaa vinavyotumia chaneli moja (njia ya mawimbi yenye namba yake), vyako na vya jirani, hutuma kwa zamu: kimoja kikisema, vingine vinanyamaza na kusubiri. Wi-Fi hutumia bendi, yaani makundi ya masafa, kama 2.4 GHz na 5 GHz. Kwenye bendi ya 2.4 GHz nafasi ni finyu mno, maana chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Halafu anatokea mtu anashauri uchague 3 au 8 kwa kuwa "haina mtu". Ushauri huo unaharibu. Ukikaa kwenye 3 unawagonga wa 1 na wa 6 kwa pamoja, na mawimbi yao kwako ni kelele tu, hayasomeki ili ruta ijue wakati wa kupisha. Pakiti, yaani vipande vya data, zinaharibika, zinatumwa upya, na video inakauka. Heri kushiriki chaneli 6 na jirani mkapeana zamu.

Kibaya zaidi ni upana wa chaneli wa 40 MHz kwenye bendi hiyohiyo. Ruta nyingi zinauruhusu, na watu wanauwasha kwa kuwa namba ya kasi inapanda. Lakini upana huo unameza sehemu kubwa ya bendi nzima, kwa hiyo unasikia kelele za kila mtu na kila mtu anasikia zako. Fungua ukurasa wa ruta (anwani imeandikwa chini ya kifaa, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), weka 20 MHz, chagua kati ya 1, 6 na 11 ile yenye mitandao michache au dhaifu, kisha hifadhi. Kasi ya juu inayotangazwa itashuka kama nusu. Iache ishuke, kwa sababu video inahitaji mtiririko usiokatika.

Runinga yenye uwezo wa 5 GHz ihamishiwe huko, kwa upana wa 80 MHz, au 40 kama majirani ni wengi. Ruta ikiwa imeunganisha bendi zote mbili kwa jina moja, zipe majina tofauti, maana runinga hupenda kung'ang'ania 2.4 kwa sababu inasikika kwa nguvu. Anza na chaneli 36 hadi 48. Zile za kati, kuanzia 52, zinashirikiana na rada: ruta hulazimika kusikiliza kwa angalau sekunde 60 kabla ya kutuma, na ikisikia rada inahama hapohapo, video ikatizwe au isikatizwe. Nakubali kwamba mara nyingi ndizo tupu kuliko zote, na zikikutulia zitumie.

Pima nguvu ya mawimbi pale ilipo runinga. Dhaifu kuliko -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; -75 ni dhaifu kuliko -67), mipangilio haitakuokoa. Inua ruta juu, itoe kabatini, iweke mbali na chuma, kioo kikubwa na oveni ya maikrowevu. Kuta nene za zege zinaimaliza 5 GHz haraka zaidi, na katika nyumba ya namna hiyo 2.4 iliyopangwa vizuri inaweza kushinda.

Kuna na foleni. Simu inaanza kupakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, na papo hapo runinga inakwama. Ruta imejaza data ya kupakia kwenye foleni ndefu, na zile taarifa fupi za "nimepokea, leta nyingine" kutoka kwenye runinga zinasubiri nyuma yake. Piga ping, yaani pima muda wa ujumbe mfupi kwenda na kurudi, huku unapakia faili kubwa: ikipanda kutoka milisekunde 20 hadi 300, umempata mkosaji. Kwenye ruta washa SQM, mpangilio wa kufupisha foleni, yenye fq_codel au CAKE (mbinu zake mbili), uweke kikomo cha asilimia 90 ya kasi uliyopima kwa waya, kupakua na kupakia. Ruta isiyo na SQM, tumia QoS (mpangilio wa kugawa kasi) kuwekea kikomo upande wa kupakia, au weka OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, kama modeli yako inakubali.

Usalama wa Wi-Fi, yaani namna inavyofungwa kwa nenosiri, uwe WPA2 yenye AES au WPA3. TKIP, njia ya zamani ya kuficha data, inabana kasi hadi Mbps 54, na kuzima WMM, mpangilio wa kipaumbele cha data kwenye Wi-Fi, kunaleta balaa hilohilo. Kubadili DNS, inayotafuta anwani za tovuti, hakupanui njia ya video. Kirudishio cha mawimbi chenye redio moja hukata kasi karibu nusu, kwa sababu kinapokea na kutuma kwa redio hiyohiyo.

Haya, kama waya wenyewe unaleta Mbps 4 jioni, au nyumba ina runinga tatu za 4K kwenye laini ya 30, basi mtafute mtoa huduma.

Na kama unaweza kuvuta waya hadi kwenye runinga, vuta. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unafika mita 100. Tundu la waya la runinga nyingi linaishia Mbps 100, na Wi-Fi ya runinga hiyohiyo inaweza kuonyesha namba kubwa zaidi kwenye kipimo. Usiifuate namba hiyo: 4K inataka 20, na waya hausubiri zamu ya jirani.