Chensoo Langu na Mgrevilea wa Mkwe

Najua mmeshaiona ile video yangu nikikata mti kwa chensoo, msumeno wa injini. Shemeji yangu aliirusha kwenye grupu la ukoo jana saa kumi jioni, na kufika saa mbili usiku binamu aliyeko Muscat alishaanza kuniita Zimamoto. Basi nisikilizeni na mimi, maana video imeanzia katikati.

Mti wa mgrevilea uliangukia banda la kuku la mama mkwe, kule Marangu, Kilimanjaro. Mimi, mtu ninayepunguza matawi mara mbili kwa mwaka, nikajitolea. Fundi alinishauri vizuri kabisa: kwa kazi za hapa na pale chukua chensoo ya Stihl MS 170, injini ya cc 30, kilo nne hivi, inakutosha. Nikaiangalia dukani, nikaiona kitoto. Mkwe atanionaje? Nikaenda kununua Stihl 070 iliyotumika, cc 106, ile ya wapasua mbao, kilo zaidi ya 10 hata kabla ya kufunga ule ulimi wake wa chuma unaozungukwa na mnyororo. (Mnaouliza bei, mke wangu yumo humu. Tuendelee.)

Kondakta wa basi alikataa kuibeba ikiwa nzima. Nikafungua ulimi na mnyororo, nikaja kuvifunga kihambani, shambani pale nyumbani kwa mkwe, kwa mikono yangu mwenyewe. Hapo pawekeni alama.

Watu wakajaa. Mama mkwe akaletewa kiti. Wazee wawili wakaja na mbege yao, pombe ya ndizi. Navuta kamba, kimya. Navuta tena, kamba ikanivuta mimi, bega likalia ko! Mara ya tano ikanguruma, kuku walionusurika wakahamia kwa jirani. Nikapanua miguu, nikaulaza mnyororo juu ya gogo, nikabonyeza mafuta.

Moshi.

Nikakandamiza. Moshi ukazidi, unanukia kama jiko la kuni. Dakika nzima nakandamiza, jasho linaingia machoni. Nikainua nione nimefika wapi: gogo limeng'aa. Halijakatwa, limepigwa msasa! Nikamgeukia mama mkwe, nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Mama, mti huu umekomaa sana." Mgrevilea! Mti ambao vijana wa pale wanaumaliza kwa panga. Mama akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, maana mkwe haumbuliwi hadharani. Nikahamia upande wa pili. Moshi. Mzee mmoja akafunika mbege yake kwa kiganja.

"Baba, unaukata au unaubanika?" mzee akauliza.

Nikazima, nikajifanya napoza mashine. Ndipo katoto ka darasa la tatu kakachuchumaa pembeni, kakautazama ule mnyororo taratiiibu, kakasema kwa sauti ya kusomea darasani: "Anko, mbona meno yanakuangalia wewe?"

Jamani. Kwa juu, makali ya meno yanatakiwa kuelekea ncha ya ulimi. Mimi nilikuwa nimefunga mnyororo kinyume, muda wote ule nasugua mti kwa visogo vya meno. Hata mama mkwe, adabu ikamshinda. Kile kicheko mnachokisikia mwishoni mwa video, kile chembamba, ni chake.

Nikaugeuza, gogo likaisha upesi, ndizi nyama zikaliwa, nikaaga kabla ya chai. Chensoo linauzwa, bega halijapona.

Asubuhi hii mama kapiga simu. Kuna tawi la mparachichi limeegemea paa. Anauliza kama yule mtoto ana nafasi Jumamosi.