Mvua ni ya Mungu, gata ni la jirani

Masika yakianza, kwenye miteremko ya Goba, Madale na Kimara jijini Dar es Salaam, huzuka ugomvi uleule: maji ya jirani wa juu yamechimba msingi wa jirani wa chini. Na wa chini huambiwa, "Si ulinunua bondeni ukijua ni bondeni?"

Kuna ukweli hapo. Sheria ya Kiingereza tuliyorithi haimbani wa juu kwa mvua inayoshuka yenyewe kwenye ardhi aliyoikuta hivyo. Wafaransa, katika kifungu cha 640 cha sheria yao ya kiraia, wanamtaka wa chini ayapokee. Wapo pia waliojenga katikati ya mkondo, kisha wakashangaa mkondo kupita.

Ila tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 likipigwa na mvua ya milimita 50, ni lita 10,000: matenki mawili meusi ya lita 5,000, yamemwagwa yote. Kabla ya nyumba, maji hayo yaliangukia majani na mihogo. Mengine yalizama, mengine yakatawanyika. Sasa gata linayakusanya, bomba linayashusha, na tundu la chini ya ukuta linayatema mahali pamoja, kwenye kona ya chumba wanacholala watoto wa mtu. Ua nao umesakafiwa wote, hauzamishi tone. Hilo nalo ni bonde?

Kifungu hichohicho cha 640 kinahusu maji yanayoshuka bila mkono wa mtu, na cha 681 kinataka maji ya paa yaishie kwa mwenye paa au barabarani, si kwa jirani. Uingereza nako, mwaka 1878, mahakama ilikubali kwamba aliyelundika udongo kwenye ukuta wa mwenzake hadi mvua ikapenya ndani anaweza kudaiwa.

Wa juu atauliza: niyapeleke wapi, na mtaa hauna mtaro? Swali la haki, na halmashauri inapaswa kulijibu. Lakini aliyemudu paa hilo hashindwi shimo la mawe la kunyonya maji, au tenki chini ya gata. Ajabu ni kwamba huyohuyo, kiangazi, ananunua maji ya boza.

Wa chini naye asingoje jua. Apige picha maji yakitoka, amwite mjumbe mvua ikiwa bado inanyesha. Siku tatu baadaye bomba litakuwa limeshageuzwa.