Ukienda Nihon Minka-en, fuata moshi

Wageni wengi wa Tokyo hawafiki Nihon Minka-en kwa sababu haiko Tokyo. Iko mji jirani wa Kawasaki, kwenye vilima vya miti vya bustani ya Ikuta Ryokuchi: makumbusho ya wazi yenye majengo ya kale kama 25, yaliyobomolewa kipande kwa kipande huko yalikokuwa na kusimamishwa upya hapa. Ilifunguliwa 1967, muongo uleule Dar es Salaam ilipopata Kijiji chake cha Makumbusho.

Maoni yangu ni kwamba nyumba hizi zikikosa moto mekoni ni maganda tu, na ziara ipangwe kwa kufuata moto. Watu wa kujitolea huuwasha kwenye irori, meko ya mraba yaliyozama katikati ya sakafu, lakini kwa siku moja huwa ni nyumba chache tu. Fika asubuhi, uliza langoni leo moto uko wapi, uanzie huko hata kama ramani inakuelekeza kwingine. Anayefika alasiri hukuta majivu, akaondoka akisema nyumba zote ni zilezile.

Moto wenyewe si pambo la kupigia picha. Paa ni la nyasi zilizofungwa kwa kamba za mabua ya mpunga, na nyumba haina dohani. Moshi hujipandia, ukakausha unyevu ndani ya nyasi, ukafukuza wadudu, na masizi yake yakapaka boriti na kamba. Aliyeona mahindi ya mbegu yakitundikwa juu ya meko kijijini ameshaelewa. Moshi ukikoma, nyasi hushika ukungu, bungua huingia kwenye mbao, na siku ya kuezeka upya huja kabla ya wakati wake. Kwa hiyo yule mzee anayechochea kuni anafanya kazi ya matengenezo, ingawa wageni humdhania mwigizaji.

Nyumba kubwa zenye paa la gassho, yaani lenye umbo la viganja vilivyokutanishwa kwa sala, zilizotoka milima ya theluji ya Shirakawa na Gokayama, ndizo zinazopigwa picha zaidi. Paa lake huinama karibu nyuzi 60 ili theluji isilundikane. Miti ya kenchi imefungwa kwa kamba na vijiti vibichi vilivyosokotwa, bila misumari, ili paa liweze kuyumba kidogo bila kuvunjika upepo unapolisukuma. Darini walifuga viwavi wa hariri.

Mimi ningekaa zaidi kwenye nyumba ya ukoo wa Kitamura, iliyotoka mji wa Hadano. Ukiingia, simama kwenye doma, ile sehemu ya sakafu ya udongo, mpaka macho yazoee giza. Wengi huchungulia kwa sekunde chache wakaona weusi mtupu. Kisha tazama juu. Mti uliochongwa kwa tezo una mabonde madogo madogo, uliopigwa randa ni laini. Sebuleni sakafu ni ya mianzi iliyopangwa, inayopitisha hewa ya kiangazi na, kwa bahati mbaya, ya kipupwe pia. Mwaka wa kujengwa, 1687, unajulikana kwa wino ulioandikwa kwenye ncha ya nguzo, mahali palipofichwa ndani ya kiungo. Baada ya hapo nenda nyumba ya Kudo, ya mkoa wa Iwate, iliyopinda kama herufi L: farasi waliishi kwenye mkono mmoja, chini ya paa lilelile la wenye nyumba.

Nina lawama moja. Mafundi wa makumbusho hupenda kuirudisha nyumba kwenye umbo lake la mwanzo kadiri ushahidi unavyoruhusu. Ni kazi ya kitaalamu, lakini hufuta vizazi vilivyoongeza dirisha, vilivyogawa chumba, vilivyotandika mikeka mahali pa mianzi. Nyumba iliyokaliwa miaka 250 huonyeshwa kana kwamba wenyewe wamehamia jana.

Usafiri: panda treni ya Odakyu kutoka Shinjuku, Tokyo, ushuke kituo cha Mukogaoka-Yuen, utoke mlango wa kusini, kisha utembee robo saa hivi. Kosa la kawaida ni kupanda kaisoku kyuko, treni ya kasi isiyosimama hapo. Ukijikuta humo, shuka Noborito na upande ya kawaida kituo kimoja. Lango hufunguliwa saa 3:30 asubuhi, na Jumatatu kwa kawaida hufungwa. Tenga saa tatu. Vaa viatu vya kuvulika upesi, maana kila ukipanda sakafuni unavua, na wakati wa baridi soksi nene, kwa sababu mbao ni barafu. Njia ina ngazi na miinuko. Kiti cha magurudumu kitapata shida.

Chakula kipo kwenye nyumba ya Yamashita, wanapouza soba, tambi za unga wa ngano nyeusi (buckwheat). Mwenye mzio wa nafaka hiyo asijaribu. Waislamu waulize kuhusu mchuzi, kwani soba kwa kawaida hutiwa mirin, kiungo chenye kileo. Na mwenye pumu asiketi penye irori: moshi hauna pa kutokea haraka, hivyo akae karibu na mlango na asogee nje kifua kikianza kubana.