Mwaka Mmoja Ugenini: Tubane Wapi, Tulegeze Wapi?

Familia inapohamia nchi nyingine kwa mwaka mmoja, iwe kwa masomo ya mzazi au kwa kazi ya mkataba mfupi, hupokea ushauri wa aina mbili. Wapo wanaosema baneni matumizi kwa kila hali, maana kipato ni cha mtu mmoja na midomo ni mingi. Wengine husema nafasi kama hii haiji mara mbili, kwa hiyo tumieni. Nimeishi mwaka wa namna hiyo na mke wangu na watoto wawili, na naona wote wanauruka ugumu wenyewe, ambao umo kwenye urefu wa muda. Mwaka ni mrefu mno kuishi kama mgeni aliyeacha begi mlangoni, na ni mfupi mno kufidia gharama za kuanza.

Anayehamia kwa miaka 10 akinunua kitanda, gharama ile husahaulika. Aliyekuja kwa wiki mbili hanunui kitanda kabisa. Sisi wa mwaka mmoja hununua kitanda, masufuria, mablanketi na makoti ya baridi ambayo mtoto atayavaa msimu mmoja tu, kisha miezi 12 baadaye tunaviuza kwa bei ya kutupa. Hapa ndipo kubana kunapolipa kweli. Nyumba yenye samani huonekana ghali ukitazama kodi ya mwezi peke yake. Lakini chukua kodi ya mwaka mzima ya nyumba tupu, ongeza vyombo vyote utakavyonunua, toa kile unachotarajia kupata ukiviuza, kisha gawa kwa 12. Mara nyingi ile iliyoitwa ghali ndiyo nafuu. Kinachobaki, tafuta cha mtumba, na muulize anayekuuzia kama naye anaondoka. Familia zinazorudi kwao huuza kwa haraka, na nyingine hugawa bure.

Eneo la pili ni safari. Katika mashirika mengi ya ndege, mtoto akishatimiza miaka 2 hulipiwa kiti chake, kwa hiyo familia ya watu wanne hununua viti vinne kila inapopanda ndege. Wazazi wanaopanga kuzunguka nchi tatu au nne ndani ya mwaka hulipa hivyo kila mara, na juu yake amana mpya ya nyumba na siku za mwanzo hotelini. Wakati mwingine sheria yenyewe huwafukuza: mgeni asiye na kibali cha kukaa anaruhusiwa siku 90 tu ndani ya kila siku 180 katika nchi za Schengen zote kwa pamoja, yaani kundi la nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kwenye mipaka kati yao, hivyo kuvuka mpaka kwenda nchi jirani ya Schengen hakumwongezei siku hata moja. Kukaa mahali pamoja huokoa fedha kuliko ujanja wowote wa sokoni. Zaidi ya hayo, mtoto anapata rafiki.

Mambo madogo nayataja kwa haraka. Mashine ya kutolea fedha ikikuuliza kama ulipe kwa sarafu ya kwenu, kataa, kwa sababu kiwango kinachotumika hapo kwa kawaida ni kibaya. Kama mshahara unatoka nyumbani, uliza mapema kuhusu kodi ya mapato, maana nchi nyingi hutumia siku 183 kama kipimo kimojawapo cha kukuhesabu mkazi. Bima ya afya usiipunguze. Mkono mmoja uliovunjika unaweza kumeza akiba ya miezi yote.

Lakini wanaosema tulegeze nao wana haki, na hili nililijua kwa kuchelewa. Tulikuwa na daftari la matumizi mezani, na kila jioni tulilisoma kwa sauti. Siku moja nikitafuta penseli kwenye mkoba wa binti yangu nikakuta barua ya shule, imekunjwa mara nne. Ilikuwa ya safari ya darasa, na tarehe ya kulipa ilishapita. Alikuwa ametuambia hataki kwenda. Nilipomuuliza tena, alisema alisikia hesabu za jioni. Alikuwa na miaka tisa. Tangu usiku ule daftari tulilifungua watoto wakishalala, na tukatenga fedha za mambo ya shule ambazo hazikuruhusiwa kuguswa kwa jambo jingine.

Kuna mwingine anayeumizwa na ubahili kimyakimya, naye ni mwenzi asiye na kibali cha kazi. Yeye ndiye hutumwa masoko matatu kufuata punguzo, yeye ndiye hutembea kwa miguu ili nauli ibaki, na muda wake huhesabiwa kuwa bure. Ukipanga nyumba ya mbali kwa sababu kodi iko chini, mwenye kazi ataondoka asubuhi kwenda kukutana na watu, na mwenzake atabaki kuzungukwa na kuta. Kwa maoni yangu, ada ya darasa la lugha kwa mwenzi huyo iandikwe kwenye bajeti kabla ya matembezi yoyote ya wikendi, na nyumba iwe karibu na kituo cha basi hata kama itapungua chumba.

Na kama kuna kiasi cha kuweka pembeni, kiwekwe kwa ajili ya mwezi wa 13. Familia nyingi hupanga mwaka wa ugenini mpaka siku ya ndege ya kurudi na kuishia hapo, kumbe nyumbani nako kunasubiri kodi, ada za shule na sare mpya, huku amana ya kule ugenini pengine haijarudishwa. Sisi tulirudi na fedha za wiki sita. Zilitosha kwa wiki tano.